Pembe ya Mbegu

Walimwita Shangazi hata watu waliomzidi umri. Watoto wa kaka yake ndio walioanza, kisha wakakua, wakaenda kuishi mbali, na jina wakaliacha nyuma kama kigoda mlangoni. Kila aliyepita akalikalia. "Shangazi, hujambo?" "Sijambo, mwanangu." Hata kama mwanangu huyo kichwa chote ni mvi.

Kazi yake ilikuwa kuitazama ngano.

Mtu asiyejua kilimo atacheka. Lakini aliyewahi kulima ngano anajua kwamba wewe unapanda vyako na ardhi nayo inapanda vyake. Mchicha pori utaota, mnavu utaota, mbaruti wenye miiba utaota, na hao hawana hila. Wanaingia shambani kama mgeni anayepiga mlango teke. Mtoto mdogo anawaona, anawang'oa, na wengine wanaishia chunguni kuwa mboga. Shida ni yule asiyejitangaza. Huyo ni nyasi. Anaota siku moja na ngano, anapanda kimo kimoja nayo, anatoa suke inapotoa suke, na punje yake ikikauka unaweza kuiweka kiganjani pamoja na ya ngano ukadhani zimetoka tumbo moja. Watu wa pale walimwita pacha. Ukimwacha, ananyonya mbolea na maji mpaka ngano inabaki na masuke matupu. Ukimvuna na kumsaga, ni balaa zaidi, kwani unga wake unalegeza viungo na kuvuruga macho.

Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumtambua. Katika nyumba ile mtu huyo alikuwa Shangazi.

Alirudi kwa kaka yake baada ya kufiwa na mume, akiwa na begi moja na mwavuli usiofunguka. Kaka hakumuuliza atakaa hadi lini. Alimpeleka shambani mpaka pembe ya juu, karibu na ukuta wa mawe, mahali udongo ulipokuwa mweusi kuliko kwingine kote, akasema, "Hapa ndipo tunapotoa mbegu ya mwaka unaofuata. Kuanzia leo ni pako, dada. Nisione pacha humu." Mwingine angesikia amepewa kazi. Yeye alisikia amepewa ufunguo wa nyumba.

Mke wa kaka, mwanamke mnene wa mwili na wa maneno, alimpokea kwa utani ambao haukuisha tena.

"Wenzio wanakula kwa jasho, wifi, wewe unakula kwa macho. Siku yakiingia ukungu hayo, utahamia banda la kuku."

"Nitakukuta huko huko, wifi yangu. Si ndiko unakotagia maneno?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini usiku ukifika, kila mtu akijifungia kwake, Shangazi aliyapikicha macho yake na kuyajaribu kwenye nyufa za dari, hii naiona, na ile naiona, ndipo alale. Alijua utani wa wifi ulikuwa na mfupa ndani. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, hakuwa na kiwanja. Alikuwa na jicho.

Na jicho lilikuwa jicho kweli. Kila msimu alitembea kati ya mistari, mikono nyuma, kichwa kimeinama, akitazama kwa juu kama mwalimu anayepita kati ya madawati. Jani lililopinda vibaya, aling'oa. Kijani kilichozidi, aling'oa. Suke lililotangulia wenzake au lililochelewa, aling'oa. Kwingine shambani waliingia vibarua, nao waling'oa ovyo, pacha na ngano pamoja, mradi siku iishe. Katika pembe yake hakuingia mtu. Wakati wa kupura alichukua ungo wake mwenyewe, akapepeta mpaka kila punje nyepesi ikapeperuka na zikabaki nzito tu, zenye afya, na hizo ndizo zilizopandwa shamba zima mwaka uliofuata. Majirani walikuja kuitazama mbegu ile kama watu wanavyotazama mtoto mchanga.

Palikuwa na kichekesho kimoja nyumbani humo. Mavuno yakiingia na mkate wa kwanza wa ngano mpya ukiliwa, watu walisinzia mezani. "Ngano mpya ina kileo," kaka alisema kila mwaka akilegeza mkanda, naye hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Miaka ya mwanzo usingizi huo ulikuwa wa kupiga miayo tu. Baadaye ukawa wa kulala mpaka alasiri. Mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, wifi alisinzia amesimama, macho wazi, kisu mkononi, na alipoamka alikuwa ameshakata mkate wote vipande vyembamba kama karatasi bila kujua. Walicheka sana. Nani anayepima raha kuona kama inaongezeka?

Kisha ukaja mwaka wa mvua haba.

Ghala likaisha wakati ngano ya shambani ndiyo kwanza inatoa masuke. Wifi alifagia sakafu ya ghala, akageuza kila gunia, mwishowe akasimama mbele ya gunia la mbegu. Lilikuwa limebaki nusu baada ya kupanda.

"Mbegu hailiwi," Shangazi alisema kutoka mlangoni.

"Na njaa hailali. Shamba limeshapandwa, wifi. Hii unamwekea nani?"

Shangazi alimpisha mlangoni. Isitoshe, moyoni alifurahi kidogo. Miaka yote hiyo ngano ya pembe yake ilizikwa ardhini bila mtu kuionja. Sasa nyumba nzima itakula kazi ya macho yake. Aliubeba mwenyewe mzigo ule mpaka mashineni, na unga uliporudi ulikuwa laini, wa rangi ya maziwa, wenye harufu ngeni kidogo, kama ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Wifi aliupika mkate siku hiyo hiyo. Kaka akakatiwa mnofu wa katikati. Chakula kikiwa haba, wanawake wanajua kukata kipande chao chembamba.

Siku chache baadaye walikuwa mezani mchana, Shangazi ameingia kutoka shambani, kaka akaacha kutafuna.

"Dada, mwambie mwenzako akae."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo nyuma yako. Tangu muingie amesimama."

Shangazi aligeuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta, na kwenye ukuta palikuwa na msumari, na kwenye msumari palining'inia ungo wake. Hapakuwa na kingine. Alipogeuka tena, kaka alikuwa akitabasamu pole pole, kama mtu anayetabasamia picha.

"Mzee ameanza utani wa uzeeni," wifi alisema, lakini hakucheka.

Kuanzia hapo mambo hayakuwa ya utani. Kaka alinyoosha mkono kuchukua kikombe na mkono ukashika hewa kando yake. Ulimi ukawa mzito. Vidole vikatetemeka. Kwake yeye kila kitu kilikuwa viwili, milango miwili, wake wawili ("Mmoja amekushinda, wa pili utamlisha nini?" wifi alimwambia, machozi yanamlenga), lakini kwa dada yake ilikuwa tofauti. Huyo wa pili wa dada yake hakusimama pale pale aliposimama yeye. Alisimama mbali kidogo. Na kilichomtisha Shangazi kuliko tetemeko lolote ni kwamba kaka alimtazama huyo mwingine usoni, kwa heshima, kisha akamgeukia yeye, akamtazama vile vile, kama mtu anayelinganisha.

Wakampeleka zahanati. Muuguzi alimnusa mdomo. "Mzee, umekunywa nini?"

"Huyu hanywi," wifi alisema. "Angekuwa anakunywa ningejua. Ningekunywa naye."

Alilazwa pale, akanyweshwa maji, akala chakula cha pale, na kabla ya wiki kuisha akawa mtu kamili, anauliza habari za shamba. Muuguzi alisema hakuona ugonjwa, waangalie tu anachokula. Wakamrudisha nyumbani. Akala mkate. Kesho yake akavuta kiti, akakisogeza mahali pasipo na mtu, akasema, "Karibu."

Wifi aliutoa mkate mezani, akauweka juu ya kabati, akamwita Shangazi uani.

"Ni mkate."

"Mkate una nini?"

"Wewe ndiye mwenye macho. Niambie wewe."

"Unga ule umetoka kwenye pembe yangu, wifi."

"Ndicho ninachosema."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wao kuzungumza bila kichekesho tangu wajuane, na kila mmoja aliliona hilo. Shangazi aliwaza upesi. Kama pembe ile ina pacha, basi yeye ni nani humu ndani? Mwanamke wa begi moja na mwavuli usiofunguka. Akatafuta pa kuelekeza kidole, na kidole kikampata Bwana Pampu.

Bwana Pampu alikuwa mpulizaji dawa za magugu. Mrefu, mwembamba, wa gambuti za kijani, na bomba la dawa mgongoni hata anapokwenda dukani kununua sabuni. Watu walisema analala nalo. Alikuwa akipulizia shamba la jirani, ng'ambo ya ukuta wa mawe. Alasiri hiyo alipopita, Shangazi alimkabili pale pale ukutani.

"Dawa yako imeruka ukuta ikaingia kwenye mbegu yangu. Kaka yangu anaumwa."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nimesema dawa yako imeruka."

"Ingeruka ningesema. Mwaka juzi iliruka, ikaua maboga ya wifi yako, nikaja mwenyewe kuomba msamaha. Si kweli, mama?"

"Ulikuja," wifi alikubali kutoka nyuma. "Ukala na chakula."

Bwana Pampu alilitua bomba chini, akalikalia. "Nyinyi mnanichukia bure. Tazameni shamba hili." Wakatazama. Ngano ya jirani ilisimama safi, mstari kwa mstari, bila jani geni. "Huyu alikuwa anaajiri vibarua, wanaumia migongo wiki nzima, na bado nusu ya mavuno inaliwa na magugu. Sasa napita mimi asubuhi moja. Anavuna maradufu."

"Na nyuki?" Shangazi aliuliza.

Bwana Pampu aligeukia tena shamba la jirani. Ng'ambo ile palikuwa kimya. Haikuwa kimya cha kawaida cha shambani ambacho ndani yake kuna wadudu na ndege. Ilikuwa kama kimya cha nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaacha mapazia. Upepo ulipopita, masuke yalisuguana, basi.

"Nyuki wamehama," alisema. "Mboga hamtachuma tena pale. Na kisima cha chini mimi sinywi maji yake. Sikudanganyi. Kila kitu kina bei yake, Shangazi, hata mgongo wako una bei yake. Na jingine nitawaambia kwa kuwa nimekula kwenu." Alionyesha katikati ya shamba safi. "Kuna mashina pale nimeyapulizia msimu hadi msimu. Zamani yalikuwa machache. Wenzao wote walikufa, hao wakabaki, wakazaa. Sasa nikipita naona kama wananitazama wanasema, karibu, tumekuzoea."

Alicheka, akajitwika bomba lake, akaenda. Maneno yake ya mwisho yalibaki na Shangazi kama mwiba usioonekana.

Asubuhi iliyofuata aliuchukua mkate juu ya kabati, akaketi mbele ya wifi, akaanza kula. Hakula kipande chembamba. Alikata pande zito, akala, akakata jingine.

"Wifi, acha."

"Ni safi. Nimeitazama mwenyewe."

"Nani amesema hukuitazama? Acha basi, utakufa na ubishi wako."

"Nitaula wote. Nisipoona kitu, utaniomba radhi."

Alipomaliza alijipangusa, akafanya kazi za uani hadi adhuhuri, ndipo akaenda shambani.

Jua lilikuwa utosini, saa ile ambayo kivuli cha mtu kinaingia chini ya miguu yake mwenyewe. Aliingia pembe ya mbegu kama kawaida, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Licha ya mvua haba, ngano ilikuwa nzuri kuliko mwaka wowote, masuke yanaanza kugeuka rangi, yote kimo kimoja, yote yameelekea upande mmoja. Alitafuta kasoro, hata moja tu. Hakuiona. Badala ya kufurahi, akapunguza mwendo. Tangu lini shamba likakosa kasoro? Hata watoto wa mama mmoja hawafanani hivi.

Aliinua kichwa. Upande wa pili wa pembe, karibu na ukuta, alikuwepo mwanamke anatembea mstarini, mikono nyuma, kichwa kimeinama. Kitambaa cha kichwani kama chake. Mwendo kama wake, na hata mguu wa kushoto uliuburuta kidogo kama yeye. Mwanamke yule alisimama, akainama, akang'oa shina moja, akalitazama kwa juu, akalitupa. Akasogea, akang'oa jingine.

"Wewe!" Shangazi aliita. "Unang'oa nini hapo?"

Mwanamke hakugeuka. Shangazi akaona anachotupa: masuke manono, mazito, ya ngano. Alikuwa anang'oa ngano na kubakiza kingine, kwa uangalifu, bila haraka, kama mtu aliyefanya kazi ile miaka yote.

Shangazi alipiga hatua kumfuata, na ardhi ikahama. Goti moja likamwacha, kisha la pili. Alianguka ubavu, shavu likalalia udongo, na ngano ikajifunga juu yake kama maji.

Hakupoteza fahamu. Alibaki pale, ulimi mzito, anatazama. Na kwa kuwa hakuwahi kulala chini kwenye pembe yake, alikuwa hajawahi kuliona shamba kutoka kule. Juu palikuwa kijani na dhahabu. Huku chini, mahali shina linapotoka udongoni, palikuwa pekundu.

Alipepesa macho akidhani ni mkate. Wekundu haukuondoka. Shina lililo mbele ya pua yake lilikuwa jeupe lenye kijani, mguu wa ngano. La pili lilikuwa na soksi ya rangi ya damu iliyokauka. La tatu hivyo. La nne hivyo. Alitazama mbali zaidi, kati ya mashina, kadiri jicho lilivyofika, na kote alikotazama miguu myekundu ilisimama kimya, imejipanga mstarini, mingi kuliko ile myeupe. Akainua macho bila kuinua kichwa. Masuke ya wenye miguu myekundu, yakitazamwa kwa ubavu, yalikuwa bapa kama yaliyokanyagwa. Kwa juu tu ndiko yalikokuwa mviringo. Kwa juu, pale macho ya mwanamke aliyesimama yanapotua.

Aliyaelewa yote pale pale, shavu chini. Miaka yote amekuwa akiwaua pacha wanaojionyesha na kuwaacha waliojificha vyema. Waliomdanganya ndio waliozaa. Ungo wake ukapeperusha punje zao nyepesi, ukawabakizia nzito kama za ngano. Kisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwa heshima, akawapanda shamba zima. Hakuna aliyewatunza pacha duniani kama yeye. Walikuwa wamesoma jicho lake, msimu baada ya msimu, mpaka wakalijua kuliko alivyolijua mwenyewe.

Angeweza kunyamaza, na hilo lilimjia, lazima lisemwe. Angeweza kuinuka, kuosha uso, kusema gunia lilipata ukungu. Unga ule ungetupwa, kaka angepona, na hakuna ambaye angelala chini kutazama. Angebaki na pembe yake na chumba chake. Mpaka mavuno. Halafu nyumba nzima ingekula shamba zima.

Alipoweza kukaa, aling'oa mashina mawili, moja la mguu mweupe na moja la mguu mwekundu. Ukutani hapakuwa na mtu. Hakuwa na hakika kama hilo lilimtuliza.

Kaka alikuwa ameketi mlangoni, blanketi magotini. Alimtazama dada yake akija anayumba, kisha akatazama nyuma yake, njia yote mpaka shambani.

"Leo umemwacha wapi mwenzako?"

"Nimemwacha shambani, kaka," Shangazi alisema. "Wako wengi."

Aliketi chini mbele yake, akayaweka mashina yale mawili juu ya blanketi, akamwita wifi, na akasema yote. Ulimi ulikuwa mzito na ilimbidi arudie maneno, lakini hakuruka kitu. Alisema pembe. Alisema ungo. Alisema mkono wake. Mwishoni akasema, "Jicho langu ndilo lililowalea. Kama mtaniambia niende, nitaelewa. Ila shamba likatwe kwanza, kabla punje hazijakomaa. Lote."

Wifi aliligeuza shina la mguu mwekundu, akalitazama juu, akalitazama ubavu, akaguna.

"Lote? Tutakula nini?"

"Sijui, wifi."

Kaka alikuwa akipapasa mashina kwa vidole vinavyotetemeka, na kwa kuwa macho yake yalimpa kila kitu viwili, aliyafumba. Alipapasa suke moja, kisha la pili.

"Hili bapa," alisema. "Hili nene. Mbona rahisi?" Akafungua macho. "Pembe ile nilikupa mimi, dada. Nikakwambia nisione pacha. Sijawaona, sivyo? Ulifanya nilivyokwambia."

"Na banda la kuku limejaa," wifi alisema, akijipangusa pua. "Kwa hiyo usijisumbue kufungasha."

Bwana Pampu aliitwa. Walimuuliza kama ana dawa ya kumtoa pacha na kuiacha ngano. Alichukua shina, akakuna kidevu.

"Ya majani mapana haitamgusa, huyu ni nyasi kama ngano. Ya nyasi ipo, ninayo. Ila kwa sasa mmechelewa, na hata mngewahi..." Alitazama ng'ambo ya ukuta. "Wale walionizoea ni ndugu zake huyu. Ningekuwa nyinyi ningekata, nilime, niiache ardhi iwaoteshe walionaswa humo, nilime tena. Kisha nipande kitu ambacho hawezi kujifananisha nacho. Maharage. Misimu miwili, mitatu. Na mbegu ya ngano mkaitafute mbali." Akajitwika bomba. "Nimejifukuza kazi mwenyewe hapo."

Wakalikata shamba bichi. Majirani walisimama barabarani wakitikisa vichwa. Ngano nzuri vile, nyumba ile imerogwa. Lilipolala chini, wekundu wa mashina ulionekana wazi juani, shamba zima, na wale waliokuwa wakitikisa vichwa waliacha, wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Baadhi walionekana jioni wakilala chini kwenye mashamba yao.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Watoto wa kaka walituma walichoweza, na wifi alipika mchicha pori na mnavu mpaka akasema anaota majani. Kaka alipona. Mikono ilitulia, milango ikarudi kuwa mmoja mmoja. Kitu kimoja tu kilibaki: mara chache, Shangazi akiingia ndani, alimwona kaka akitazama kidogo kando yake, kwa kufumba na kufumbua, kabla ya kumtazama yeye. Hakumuuliza kitu, naye kaka hakuwahi kusema.

Maharage yaliota vizuri. Shangazi hakuyatembelea tena mikono nyuma. Alitambaa kwa magoti, shavu karibu na udongo, wakati mwingine macho amefumba, vidole vikitangulia. Pacha wa mwisho wa mwisho walitokea kati ya mistari, warefu, wekundu wa miguu, wanaonekana kama vinara, akawang'oa akicheka peke yake. Aliwaona kwa mbali. Jicho lake lilirudi kuwa jicho.

Mpaka asubuhi moja, amefika pembe ya juu karibu na ukuta, alipofunua majani ya mharage ili apapase chini yake. Pale, kwenye kivuli, paliota nyasi moja. Haikusimama. Ilikuwa imelala, imejibana na ardhi, imejizungusha kwenye shina la mharage kama mtu aliyejikunyata nyuma ya mlango. Suke lake dogo lilikuwa limeingizwa chini ya jani, kwa uangalifu. Aliifukua taratibu mpaka mguuni.

Mguu ulikuwa mweupe.

Shangazi alikaa hivyo muda, kidole juu ya shina lile, hasogei. Alisikia wazi kwamba anatazamwa, na kwamba anayemtazama hana haraka. Zamani angeling'oa, akalitupa, akanyamaza, akaenda zake akiwa na hakika.

"Wifi!" aliita, kwa sauti iliyofika mpaka nyumbani. "Acha unachofanya, njoo uniazime macho!"

"Yangu yana bei!" wifi alijibu kutoka uani, na tayari alikuwa akija, akipepesuka kati ya maharage, anahema. "Wapi? Sioni kitu."

"Lala chini kwanza," Shangazi alisema, akamsogezea nafasi. "Mimi naona upande huu. Wewe niambie unaona nini upande huo."